Neno Moja, Matendo Mawili: Uhakiki wa Istilahi za Kubadili Vinasa na Kuviunganisha na Mtandao

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu hufanywa kwa orodha. Neno la kigeni huandikwa upande mmoja, neno la Kiswahili upande wa pili. Wajumbe hulijadili, na likikubaliwa huingizwa katika daftari la istilahi sanifu. Njia hii imetufaa. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hasa tangu lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, maneno mengi ya ofisini, ya darasani na ya karakanani yamepatikana hivyo. Hata hivyo orodha ina upungufu mmoja ambao hauonekani mpaka neno litoke mezani liende kazini. Orodha hulipima neno likiwa peke yake, hali mtumiaji hulikuta ndani ya tendo, likiwa limezungukwa na maneno mengine, na mara nyingi yeye mwenyewe ameshika bisibisi mkononi.

Nia ya makala haya ni kuyapima maneno manne tunayoyatumia kila siku katika tafsiri za vitabu vya maelekezo, vyeti vya dhamana na mihutasari ya masomo ya ufundi. Maneno hayo ni kunasa, kurekebisha, mtandao na kuweza. Kipimo chetu kitakuwa kazi moja ya ufundi iliyofanyika kweli, nayo ni kukibadili kinasa cha televisheni ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya mtandao ili kiunganishwe na mtandao kwa waya. Tutaona kwamba kila moja ya maneno hayo manne hubeba matendo mawili au zaidi yenye matokeo tofauti, na kwamba dawa yake si kubuni maneno mapya. Kwa sehemu kubwa maneno tunayo; tunachokosa ni nidhamu ya kuyagawia kazi.

Kazi yenyewe

Mwezi wa Machi mwaka 1999 kampuni ya TiVo ya California, Marekani, ilianza kuuza mashine ya kurekodi vipindi vya televisheni katika diski ya kompyuta badala ya mkanda. Kwa sura ilifanana na deki ya video, lakini kwa tumbo ilikuwa kompyuta. Ilikuwa na prosesa ya aina ya PowerPC, ilikuwa na diski, na iliendeshwa na mfumo wa Linux. Ili ijue kipindi gani kitaonyeshwa saa ngapi, mashine ilipiga simu kwa modemu yake na kuchukua ratiba kutoka kwa kampuni. Kwa hiyo mwenye mashine alihitaji waya wa simu karibu na televisheni yake. Tundu la mtandao halikuwapo.

Lakini katika ukingo wa bodi kuu ya saketi palikuwa na safu ya miguso ya metali ambayo mnunuzi hakukusudiwa kuitumia. Mtaalamu wa programu wa Australia, Andrew Tridgell, anayejulikana zaidi kwa programu ya Samba aliyoianza mwaka 1992, alitambua kwamba miguso ile ingeweza kupokea kadi. Wakati huo mashine za TiVo hazikuwa zikiuzwa kwao. Zilianza kuuzwa Australia mwaka 2008. Waliozitaka walikuwa wakizitoa ng'ambo na kuzibadili ili zifuate mfumo wa televisheni wa nchini mwao. Tridgell alibuni kadi ya kati, ikaitwa TiVoNet, ambayo upande mmoja iliingia katika ukingo wa bodi na upande wa pili ilipokea kadi ya ethaneti ya kompyuta za zamani. Baadaye ikatokea kadi nyingine, TurboNet, iliyounganisha kazi hizo mbili katika kipande kimoja.

Utaratibu wa kazi ulikuwa hivi. Kwanza, mashine ilichomolewa kwenye umeme kabla ya kufunguliwa. Jambo hili halikuwa la hiari, kwa sababu katika mashine hizo za kizazi cha kwanza sehemu ya kupokea umeme wa nyumba ilikaa wazi bila kifuniko, na vidhibiti umeme vyake huweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Pili, diski ilitolewa na kuchomekwa katika kompyuta, ikaandikiwa programu ya kuendeshea kadi na maagizo ya kuiamsha mashine iwashwapo. Tatu, diski ilirudishwa na kadi ikapachikwa katika ukingo wa bodi. Nne, kebo ilipitishwa nyuma na kuunganishwa na mtandao wa nyumbani. Tano, mwenye mashine alifungua mahali pa kuandikia tarakimu za kutangulia namba ya simu, akaandika mkato, alama ya reli na 401. Alama hizo ziliiambia mashine iache modemu na kuchukua ratiba kwa njia ya mtandao.

Huduma ya ratiba kwa mashine hizo za kizazi cha kwanza ilikoma mwaka 2016. Lakini kazi yenyewe ni mfano mzuri kwa mtu wa istilahi, kwa kuwa inakusanya pamoja kupokea, kuhifadhi, kutengeneza, kuongeza na kuunganisha. Sasa na tuyaite maneno yetu manne, moja baada ya jingine, tuyaulize yanasema nini.

Kunasa

Kunasa ni neno la mtego. Ndege hunaswa kwa ulimbo, na samaki hunaswa katika wavu. Kutokana na picha hiyo tulipata kinasasauti, neno lililokubalika vizuri, maana sauti ni kitu kipitacho, na chombo kinachoizuia isipotee kinastahili kuitwa kinasa. Hadi hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi unaanza pale picha hiyohiyo inapotumiwa kwa kazi nyingine. Wasemaji husema kwamba redio inanasa vizuri mjini lakini haipati kitu kijijini, au kwamba antena inanasa mawimbi. Hapa kunasa si kuhifadhi tena, ni kupokea. Zamani jambo hili halikudhuru mtu, kwa sababu kipokezi na kinasasauti vilikuwa visanduku viwili, au kama vilikuwa katika sanduku moja, kila kimoja kilikuwa na vitufe vyake. Katika mashine kama TiVo, kupokea chaneli, kuigeuza picha kuwa tarakimu na kuziandika tarakimu hizo katika diski ni kazi tatu mfululizo ndani ya kisanduku kimoja. Basi tafsiri ikiandika, "Endapo kifaa hakinasi, mwite fundi," fundi huyo aje na nini? Akidhani ni kupokea, atapanda juu ya paa kugeuza antena, kumbe diski imekufa. Akidhani ni kuhifadhi, atabadilisha diski nzima, kumbe kebo ya antena imelegea.

Pendekezo letu ni hili. Neno kinasa libaki jina la chombo, kwa kuwa limezoeleka. Kwa tendo la kuandika sauti au picha ili zitazamwe baadaye, tutumie kurekodi. Kwa tendo la kupata mawimbi kutoka hewani au katika kebo, tutumie kupokea, na chombo chake kiwe kipokezi. Wako watakaosema kwamba kurekodi ni neno la kigeni. Ndivyo, lakini limekwisha kukaa nasi, linanyambulika kwa kanuni zetu, na kila mtu hulielewa: kipindi hurekodiwa, mwimbaji hurekodiwa, shahidi hurekodiwa. Neno la kigeni lililo wazi lina faida kuliko neno la kikwetu lenye sura mbili.

Tuna ushahidi wa karibu kwamba umma hulipokea haraka jina linalotaja kazi. Matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba iliyotaka kuendelea kutazama ilihitaji kisanduku kipya. Kisanduku hicho kiliitwa king'amuzi, kutokana na kitenzi kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika. Nyaraka nyingine zilikiita kisimbuzi, neno ambalo nalo limeundwa kwa kanuni njema. Lakini hata asiyejua chochote kuhusu usimbaji alielewa kwamba king'amuzi hukitambua kile ambacho televisheni yake haikitambui. Kwa upande mwingine, neno deki, linalopendwa mtaani, halitaji kazi yoyote. Deki ya kaseti, deki ya mkanda wa video na deki ya santuri zote ni deki, iwe inarekodi au inacheza tu. Kwa mazungumzo hakuna kosa. Kwa orodha ya vifaa vya shule vinavyotakiwa kununuliwa kwa fedha ya umma, ni kosa la kugharimu.

Kurekebisha

Hili ndilo neno linalohitaji uhakiki mkali zaidi. Bunge hurekebisha sheria, mwalimu hurekebisha sentensi ya mwanafunzi, na saa inayochelewa hurekebishwa. Katika matumizi yote hayo lipo wazo la kuondoa kasoro au kuleta jambo katika hali ipasayo. Ndiyo maana mtu akisema kwamba mashine ya TiVo "ilirekebishwa" ili ipokee kebo ya mtandao, msikilizaji hudhani ilikuwa na ubovu. Haikuwa na ubovu wowote. Ilifanya yote iliyoundiwa kufanya. Mwenyewe alitaka ifanye zaidi.

Neno kutengeneza halitusaidii. Seremala anayetengeneza kiti anakileta duniani; fundi anayetengeneza redio anairudisha kutoka kaburini. Ukiandika kwamba kampuni fulani hutengeneza vinasa, hatujui kama ni kiwanda au ni kibanda cha mafundi.

Madhara ya utata huu huonekana hasa katika vyeti vya dhamana. Tuchukue sentensi ya aina ambayo mfasiri yeyote ataitambua: "Dhamana itabatilika endapo kifaa kitarekebishwa na mtu asiyeidhinishwa." Je, aliyepunguza mwangaza wa picha amevunja dhamana? Je, aliyebadilisha fyuzi? Je, aliyepachika kadi isiyo ya kiwanda? Katika lugha asilia pengine mwandishi alikusudia huyo wa tatu peke yake. Katika Kiswahili wote watatu wamerekebisha, na karani wa dukani anaweza kumkatalia yeyote kati yao. Mnunuzi amepoteza haki yake kwa sababu ya kitenzi.

Tunapendekeza vitenzi vinne vigawiwe kazi nne. Kukarabati kuwe kukirudisha chombo katika hali yake ya awali baada ya kuharibika. Kurekebisha kuwe kukipanga chombo ndani ya mipaka aliyoiweka mwundaji, kwa vitufe, skrubu au menyu alizoziacha kwa kazi hiyo. Kubadili muundo kuwe kukipa chombo kiungo au kazi ambayo hakikuundiwa. Na kuchezea kuwe kukiingilia chombo kwa hila au bila haki, kama tunavyosema juu ya mtu aliyechezea mita ya umeme.

Tuvijaribu vitenzi hivi katika kazi yetu. Mwenye TiVo ambaye diski yake ilikufa akaweka nyingine ya ukubwa uleule, alikarabati. Aliyepachika kadi ya TurboNet katika ukingo wa bodi alibadili muundo. Aliyeandika mkato, alama ya reli na 401 alirekebisha tu, kwa sababu mahali pa kuandikia tarakimu paliwekwa na mwundaji mwenyewe. Aliyetafuta njia ya kupata ratiba bila kulipa ada alichezea. Hivyo hata ndani ya kazi moja iliyofanywa na mtu mmoja mezani kwake, vitenzi zaidi ya kimoja vinahitajika, na mfasiri atakayetumia kurekebisha kwa vyote atakuwa amefuta mipaka ambayo sheria, biashara na usalama vinaitegemea.

Yapo pia maneno madogo ya kazi ambayo tusiyadharau. Kuchomeka ni kuingiza kitu kwa nia ya kukichomoa tena, kama plagi katika soketi. Kupachika ni kuingiza kitu mahali kikae. Mashine za TiVo za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka 2002, zilikuwa na matundu ya USB, na baadaye mwenyewe aliweza kuchomeka adapta ya mtandao bila kufungua skrubu hata moja. Katika kizazi cha kwanza, kadi ilipachikwa. Katika cha pili, adapta ilichomekwa. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo tofauti kati ya kubadili muundo na kutumia chombo kwa kawaida. Mwalimu wa ufundi anayevitumia kwa usahihi anamfundisha mwanafunzi wake, kwa neno moja, lini afungue kifuniko na lini asikifungue, lini akumbuke hatari ya umeme na lini hapana haja.

Kuna watakaotuambia kwamba kukarabati ni neno la majengo na barabara. Hatukubali. Meli hukarabatiwa, na injini zake pia. Hakuna kanuni ya sarufi inayokataza kinasa kukarabatiwa. Ni mazoea tu, na mazoea hubadilika yakifundishwa.

Mtandao na waya

Neno mtandao lina asili nzuri. Wingu hutanda, na buibui huweka utando. Kwa hiyo mtandao ni kitu kilichoenea kwa nyuzi nyingi zilizoungana. Lakini wema wa picha hiyo umelifanya neno lipokee wageni wengi mno. Leo mtandao ni kompyuta zilizounganishwa ndani ya jengo moja. Mtandao ni intaneti. Mtandao ni kampuni ya simu, kama mtu anapouliza, "Unatumia mtandao gani?" Na mtandao ni nguvu ya mawimbi ya simu, kama mtu anaposema, "Hapa hakuna mtandao."

Sasa tuitazame sentensi, "Kinasa kimeunganishwa na mtandao." Katika kazi yetu, mtandao uliokusudiwa kwanza ni ule wa nyumbani, yaani kompyuta ya mwenyewe na kinasa chake, vikisemezana kwa kebo. Kutoka hapo mashine ilifika intaneti kuchukua ratiba, lakini hilo ni jambo la pili. Tofauti hii si ya wataalamu peke yao. Mwaka 2001 mshindani wa TiVo, kampuni ya SONICblue, ilitoa vinasa vya ReplayTV vyenye tundu la mtandao tangu kiwandani, na mwenye kinasa aliweza kukituma kipindi alichokirekodi kwa mwenye kinasa mwingine kwa njia ya intaneti. Mwaka huohuo kampuni kubwa za filamu na televisheni za Marekani ziliishtaki SONICblue kwa hoja ya hakimiliki, pamoja na hoja ya kuyaruka matangazo ya biashara. Mwaka 2003 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kulipeleka jambo kutoka chumba kimoja hadi kingine ndani ya nyumba ni mtandao. Kulipeleka kwa mtu wa mji mwingine nako ni mtandao. Kitenzi ni kilekile na nomino ni ileile, lakini hayo ya pili ndiyo yaliyofikishwa mahakamani.

Kwa hiyo tunashauri kwamba katika maandishi rasmi neno mtandao lisiachwe likasimama peke yake. Tuseme mtandao wa nyumbani, mtandao wa ofisi au mtandao wa ndani kwa kompyuta zilizounganishwa mahali pamoja. Tuseme intaneti tunapokusudia intaneti. Tuseme kampuni ya simu tunapokusudia kampuni ya simu. Hii si kanuni ngumu, na haidai neno lolote jipya.

Neno waya nalo lina neno la kusemwa. Wafasiri wengi huandika "mtandao wa waya", na msomaji wa kijijini huona wavu wa kuzungushia mabanda ya kuku. Lakini kasoro kubwa zaidi ni ya mantiki. Waya si aina ya mtandao. Ni njia ya kuunganishwa nao. Mtandao uleule mmoja wa nyumbani huweza kukipokea kinasa kwa waya na kuipokea kompyuta ya mkononi bila waya. Basi tuseme "kuunganishwa na mtandao kwa waya", waya ikitaja namna ya tendo. Na tunapotaja kitu chenyewe tunachokishika mkononi, tuseme kebo, kwa sababu kebo ya ethaneti ya leo ina nyaya nane ndani yake, zimesokotwa jozi nne. Fundi akiambiwa "waya umekatika" atauliza upi. Akiambiwa "kebo imekatika" ataitoa na kuweka nyingine.

Watu wa istilahi huona raha kubishana kama jina lifuate umbo, asili au kazi ya kitu. Historia ya majina mawili yanayohusika hapa inatuonya tusitegemee umbo. Ethaneti ilipewa jina na Robert Metcalfe, akiwa katika kampuni ya Xerox huko California, mwaka 1973. Alilitoa katika neno etha, kitu ambacho wanafizikia wa karne ya 19 walidhani kinajaza anga lote na kubeba nuru. Jaribio la Michelson na Morley la mwaka 1887 lilishindwa kukigundua, na baadaye wanafizikia wakakiacha. Jina la kitu kisichokuwapo likapewa kebo nene ya shaba. Kebo nene ikaachwa, zikaja nyaya zilizosokotwa, na jina likabaki. Kwetu sisi neno simu lilikwenda njia ya kinyume. Lilitoka katika Kiajemi, ambako hutaja fedha na pia waya. Wazee wetu walipoletewa simu isiyo na waya waliiita simu ya upepo bila kuona ubishi wowote ndani ya jina hilo, na leo karibu simu zetu zote hazina waya. Umbo la kitu hubadilika na jina hubaki. Likiwa jina limeshika kazi, hapana hasara.

Kuweza

Neno la nne si istilahi ya ufundi, na kwa sababu hiyo halipimwi na kamati yoyote. Katika tafsiri zetu kitenzi kuweza hutumika kwa maana mbili: kuwa na uwezo na kuwa na ruhusa. "Unaweza kuondoka," anasema bosi, akikusudia kwamba anaruhusu. Katika mazungumzo hali hueleza yenyewe. Katika leseni na mikataba hali haielezi chochote.

Kazi yetu inatoa mfano ulio wazi kabisa. Linux hutolewa kwa leseni ya umma ya GNU, toleo la pili, ya mwaka 1991. Leseni hiyo humpa kila aliyepokea programu ruhusa ya kupata matini yake ya asili, kuyabadili na kuyasambaza kwa masharti yaleyale. TiVo ilitimiza sharti la kuyatoa matini hayo. Lakini katika mashine zake za baadaye iliweka ukaguzi wa saini ya siri, ili programu iliyobadilishwa isikubaliwe kuwashwa. Mwenye mashine aliruhusiwa kuibadili programu, ila mashine yake ikakataa kuiendesha. Richard Stallman aliupa mwenendo huu jina lililojengwa kwa jina la kampuni hiyo, na toleo la tatu la leseni, lililotolewa tarehe 29 Juni 2007, likaweka kifungu cha kuuzuia katika vifaa vya matumizi ya nyumbani. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakukubaliana na kifungu hicho. Alishikilia kwamba leseni ya programu isimwamulie mwundaji mambo ya mashine yake, na kiini cha Linux kikabaki katika toleo la pili.

Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba ubishi huu hauwezi hata kuelezwa kwa Kiswahili endapo tutatumia neno moja. Jaribu kuandika: "Mwenye mashine anaweza kubadili programu lakini hawezi kubadili programu." Msomaji atadhani mpiga chapa amekosea. Sasa andika: "Mwenye mashine anaruhusiwa kubadili programu, lakini hana uwezo wa kuiendesha ikiwa imebadilishwa." Hoja imesimama, na kila upande unaweza kujibiwa. Katika maandishi ya kisheria na ya leseni, basi, kuweza kubaki kwa uwezo tu; ruhusa iitwe ruhusa, na katazo liitwe katazo.

Kuhusu jina alilolibuni Stallman, wapo watakaotamani kulitohoa na kulivika viambishi vyetu. Tusifanye haraka. Jina lililojengwa kwa jina la kampuni humtaka msomaji aijue kampuni kwanza, na msomaji wetu hakupata kuiona mashine hiyo dukani. Fungu la maneno lenye kueleza kazi, kama vile "kuifungia programu huria ndani ya mashine kwa saini ya kiwanda", ni refu, lakini linajieleza. Dhana ikizoeleka, ufupi utakuja wenyewe, na utaletwa na watumiaji.

Hitimisho

Tumeyapima maneno manne kwa kazi moja, na yote manne yameonyesha ufa. Ufa huo haukutokana na umaskini wa Kiswahili. Tulikuwa na kupokea tukatumia kunasa. Tulikuwa na kukarabati na kubadili tukatumia kurekebisha. Tulikuwa na intaneti na kampuni ya simu tukatumia mtandao. Tulikuwa na kuruhusiwa tukatumia kuweza. Mara nyingi mtu akilalamika kwamba lugha haitoshi kwa sayansi, kilichopungua ni uchaguzi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwa watunga istilahi: kila orodha ya vitenzi vya ufundi ijaribiwe kwa kazi moja kamili, tangu kuchomoa umeme hadi kuwasha tena, kabla haijaidhinishwa, vitenzi viwili vikigongana katika hatua moja, orodha irudi mezani. Kwa wafasiri: cheti cha dhamana kisitoke mkononi kabla hamjajiuliza ni nani atanyimwa haki kwa kitenzi mlichokichagua. Kwa walimu na watumishi wa ofisi za ununuzi: andikeni kebo mnapotaka kebo, kipokezi mnapotaka kipokezi, na kinasa mnapotaka kinasa, maana muuzaji ataleta kile mlichokiandika, na hatalaumiwa.

Vifaa vitaendelea kubadilika, na vingi vitatufikia vikiwa tayari na matundu ya mtandao au bila hata tundu moja. Lakini daima atakuwapo mtu anayetaka chombo chake kifanye zaidi ya kilichoandikwa katika kijitabu, na jirani yake anayetaka tu kirudi kufanya kazi kama jana. Lugha ya ufundi inayowachanganya watu hao wawili itawakosea wote, wa kwanza kwa kumwita mharibifu, na wa pili kwa kumnyima fundi.